Mgeni Njoo, Kipepeo Apone

Ndugu msomaji, kama unakaa Mwananyamala, Tandika au Mbagala, na uani kwenu pana mlimau au mndimu, basi kipepeo huyu unamjua. Ni mkubwa, mweusi, ana madoa ya manjano hafifu, na kwenye mabawa ya nyuma ana alama kama macho, zenye buluu na wekundu. Hatulii, hata akinyonya ua mabawa yanapiga tu. Wataalamu wanamweka katika ukoo wa mkia-mbayuwayu, kwa kuwa wengi wa ukoo huo wana mikia miwili kama ya ndege yule. Kituko ni kwamba huyu wa kwetu hana mkia!

Tuanze na mti. Malimau na ndimu asili yake ni Asia. Yalifika pwani yetu kwa njia ya bahari, pamoja na biashara. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipopita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, alikuta malimau tayari yanaliwa. Je, kabla ya hapo kipepeo wetu aliishi wapi? Porini. Viwavi wake walikula majani ya miti ya asili iliyo jamaa ya mlimau, kama vile mjafari, ule ambao magome yake ni dawa. Mgeni alipopandwa, kipepeo akatua. Vipepeo huonja kwa miguu, bwana. Akaonja, akakuta ladha ya nyumbani, akataga. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mwenyeji alipona kweli.

Mjini mipango, naye anayo. Kiwavi wake akiwa mchanga ana rangi ya kahawia na baka jeupe, ungesema kinyesi cha ndege, nani atakila? Akikua anageuka kijani kama jani. Ukimgusa anachomoza kichwani pembe mbili laini, zenye harufu kali ya kufukuza adui.

Lakini si ukoo mzima uliohamia mjini. Yuko ndugu yake, Papilio dardanus, anayependa kivuli cha misitu. Dume lake ni la manjano na lina mikia hasa. Majike ya huku kwetu hayana mikia, tena yamevaa sura za vipepeo wengine wenye ladha mbaya, ili ndege wayaogope. Wazungu waliyahesabu kuwa vipepeo mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoeleza, mwaka 1869, kwamba ni wake wa dume mmoja. Misitu ya pwani kama Pugu na Kazimzumbwi ilikatwa sana kwa mkaa miaka ya 1990, na msitu ukiisha, anayetegemea kivuli chake hana pa kuhamia.

Na huyu wa uani je? Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu kama milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya 2022 ikapita milioni 5.3. Watu hao wanataka vyumba. Mlimau unang'olewa, panajengwa chumba cha kupangisha, na pesa ya kodi ina kazi zake. Simlaumu mwenye nyumba. Nasema tu kwamba ukaribu wa karne nyingi unavunjwa kwa shoka la asubuhi moja.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaotaka kuandika. Mwishoni mwa karne ya 18 Mjerumani aitwaye Esper alimpa kipepeo huyu jina: Papilio demodocus. Demodocus ni yule malenga kipofu wa Ugiriki, anayeimba katika utenzi wa Homer. Kumbe uani kwetu anaruka malenga! Sisi mitaani tunamwita kipepeo, basi, sawa na wengine wote. Tunaandika riwaya za Manzese zenye daladala, baa na mapenzi, na mlimau wa uani hatuutaji hata mara moja. Utajeni, vijana wenzangu, ukiwa bado umesimama. Na mwenye ndoo mbovu asiitupe: aijaze udongo, apande mndimu.