Mtoto akionewa mtandaoni, usianze kwa kumnyang'anya simu

SIKU mtoto anapogundua kwamba picha yake imegeuzwa stika ya dhihaka na inazungushwa katika kundi la WhatsApp la darasa lake, mtu wa kwanza kumweleza mara nyingi si mzazi. Humweleza rafiki, au hunyamaza kabisa.

Sababu yake inafahamika katika nyumba nyingi za mijini. Mtoto anajua kwamba akisema, simu itachukuliwa. Kwa maneno mengine, aliyekosewa ndiye atakayeadhibiwa, huku waliomkosea wakiendelea kucheka.

Ripoti ya Disrupting Harm kuhusu Tanzania, iliyotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na Interpol, ilionyesha kuwa watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao waliwaeleza zaidi watu wao wa karibu, wakiwamo marafiki, kuliko polisi au namba za msaada. Ilionyesha pia kuwa mara nyingi mkosaji alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu. Hivyo, onyo la "usiongee na wageni", ingawa ni la lazima, halitoshi.

Suala la umri nalo linahitaji maelezo. Mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa sababu mtu amethibitisha kuwa mtoto wa miaka 13 amekomaa. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto wa chini ya umri huo bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo, mwaka wa kuzaliwa unaojazwa wakati wa kufungua akaunti una uzito mkubwa. Tangu mwaka 2021, akaunti za TikTok za wenye miaka 13 hadi 15 huwa za faragha tangu mwanzo, na Instagram ilianza mwaka 2024 kuwaweka vijana katika akaunti zenye ulinzi zaidi. Mtoto anayedanganya kuwa ana miaka 20 hujiondolea kinga hizo zote.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayetumia simu ya mama, jambo ambalo ni la kawaida sana hapa kwetu wakati wa likizo. Mtandao humchukulia kuwa ni mama: humletea video za watu wazima na kumruhusu kupokea ujumbe kutoka kwa yeyote. Ni heri kumfungulia kijana aliyefikisha umri akaunti yake kwa mwaka wake halisi, mzazi akiwa ameketi kando yake, kuliko kumwachia simu ya nyumbani na bando la siku nzima.

Turudi kwenye stika. Vijana wengi huiona kuwa ni utani, na pengine aliyeitengeneza hakukusudia ubaya. Lakini utani wa uwanjani hukoma kengele inapolia; wa kwenye simu humfuata mtoto hadi kitandani, na kesho yake darasa zima limeshauona. Ndiyo maana mzazi hana budi kumuuliza mwanawe si tu "nani amekuonea?", bali pia "wewe umesambaza nini wiki hii?". Swali la pili ndilo gumu zaidi, kwani hakuna apendaye kusikia kuwa mtoto wake ndiye mchokozi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya moyo. Kijana aelezwe hilo mapema, kabla hajaitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Lipo tatizo zito zaidi: kijana hubembelezwa atume picha ya utupu, kisha hutishiwa kuwa itasambazwa asipotoa fedha au picha nyingine. Hapa hasira ya mzazi inaweza kugharimu maisha. Mtoto aambiwe kwanza kwamba kosa ni la anayemtisha. Fedha zisilipwe, kwa kuwa anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Mazungumzo yasifutwe; namba, jina la akaunti na vitisho vihifadhiwe, kisha mhusika azuiwe na akaunti yake iripotiwe kwa mtandao wenyewe.

Picha hiyo isitumwe kwa shangazi, kwa mwalimu wala kwa mtu yeyote kama "ushahidi". Sheria hiyo hiyo inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, nayo haitoi nafasi kwa mwenye nia njema. Watu wazima ndio wakosaji wakubwa katika hili: video ya mwanafunzi aliyedhalilishwa hupitishwa kutoka kundi moja la wazazi hadi jingine, ikiwa na maneno "tuwe makini na watoto wetu". Kila anayeipitisha humdhalilisha mtoto huyo upya.

Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2023 kwa ajili ya picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Huitengenezea picha alama ya pekee ya kidijitali bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, na mitandao shiriki, ikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa.

Kwa msaada wa hapa nchini, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Malalamiko hupokelewa pia katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mzazi aende na simu yenye mazungumzo yale, na mtoto aulizwe kwanza angependa nani amsindikize.