Nyimbo za Broadway Zilivyorudi Jukwaani

Mwanzoni mwa karne ya 20, mchezo wa nyimbo ulipoondolewa jukwaani New York, mashabiki walibaki na karatasi za sauti na piano zilizouzwa madukani. Nota za okestra kwa kawaida hazikuchapishwa. Fidla ianze wapi, tarumbeta ijibu nini, hayo yaliandikwa kwa mkono, yakarundikwa ghalani, na mengi yakaishia jaani. Waliozaliwa baadaye walirithi maneno na lahani. Mlio uliojaza ukumbi hawakuupata.

Kazi ya kurudisha nyimbo kuukuu ilianzia humohumo jukwaani. Katika Show Boat, kazi ya Jerome Kern na Oscar Hammerstein II iliyofunguliwa Desemba 27, 1927, mwimbaji aliyeingiwa na woga anaokolewa na After the Ball, wimbo wa Charles K. Harris uliovuma miaka ya 1890. Kern angeweza kutunga wake. Alichagua wa mwenzake, na nadhani alifanya vyema, maana pale palihitajika wimbo ambao ukumbi mzima unaujua.

Mwaka 1982, katika ghala la kampuni ya Warner huko Secaucus, New Jersey, ilipatikana shehena ya masanduku yapatayo 80. Humo mlikuwa na miswada ya Kern, George Gershwin, Cole Porter na Richard Rodgers, mingine ikidhaniwa imepotea. Mtafiti Robert Kimball aliiorodhesha. Mwongozaji wa okestra John McGlinn akairekodi upya Show Boat, ikatoka 1988 ikiwa na mpangilio wa ala wa Robert Russell Bennett na vipande vilivyokatwa kabla mchezo haujafika Broadway. Mwaka 1994 ukumbi wa City Center, New York, ukaanzisha Encores!, mfululizo wa maonyesho ya michezo ya nyimbo ya zamani: waimbaji na vitabu mkononi, okestra ikionekana jukwaani.

Lakini Shuffle Along ya 1921, mchezo wa Weusi uliotungiwa muziki na Eubie Blake na maneno na Noble Sissle, ilihitaji njia nyingine. Blake alisimulia kwamba wapigaji wake walikariri muziki wote, kwa sababu watazamaji Wazungu hawakutaka kuamini kuwa Mweusi anaweza kusoma nota. Mabingwa waliosoma vizuri wakalazimika kuficha elimu yao kila usiku! Basi hazina ikawa Blake mwenyewe. Mwaka 1969, akiwa na zaidi ya miaka 80, alitoa albamu ya The Eighty-Six Years of Eubie Blake, akarudi kuzunguka majukwaani na piano yake. Mwaka 1978 nyimbo zake zilirudi Broadway katika onyesho la Eubie!, naye akiwa hai; alifariki 1983.

Mwongozaji wa michezo George C. Wolfe alipoirudisha Shuffle Along mwaka 2016, hakuweza kuitumia hadithi ya zamani iliyojaa vichekesho vya kuwadhalilisha Weusi. Alizibakiza nyimbo, akasimulia maisha ya walioutengeneza mchezo wenyewe. Savion Glover alibuni dansi, na Audra McDonald akaigiza kama Lottie Gee, nyota wa 1921.