Mkuu wa Majasusi na Roho za Wasioulizwa

Tarehe 12 Mei 1942, kituo cha siri cha redio katika nchi ya Wacheki kilipeleka London ujumbe wa kusihi. Viongozi wa upinzani walikuwa wamekwisha kung'amua kwamba Jozef Gabčík na Jan Kubiš, walioshushwa kwa miavuli Desemba iliyopita, walitumwa kumuua Reinhard Heydrich, mtawala wa Kinazi wa nchi hiyo. Wakaomba mpango usitishwe, kwa kuwa hautawafaa Washirika kwa lolote na utahatarisha maelfu ya roho. Ikiwa ni lazima mtu auawe, basi achaguliwe mmoja wa wasaliti wa Kicheki.

Siku tatu baadaye Rais Edvard Beneš wa Chekoslovakia, akiwa uhamishoni London, alijibu kwa kushikilia kwamba kitendo cha nguvu huenda kikahitajika hata kama taifa litalipa gharama kubwa. Mei 27 bomu lilirushwa kwenye gari la Heydrich jijini Prague. Akafa Juni 4.

Heydrich alistahili kulengwa. Ndiye aliyeongoza mkutano wa Wannsee, uliopanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, Januari mwaka uleule, na sioni tofauti ya kimaadili kati ya kumvizia njiani na kumpiga risasi mstari wa mbele. Kinachonisumbua ni Lidice. Juni 10, kwa kulipiza kisasi, Wajerumani waliwapiga risasi wanaume 173 wa kijiji hicho, ambacho hakikuhusika na shambulio hata kidogo. Magodoro yalitolewa majumbani yakaegemezwa ukutani kwenye shamba la familia ya Horák ili risasi zisidunde. Wanawake walipelekwa kambi ya Ravensbrück, na wengi wa watoto wakauawa kwa gesi Chełmno.

Husemwa kwamba lawama ni ya Wanazi, na kwamba anayeogopa kisasi humwachia dhalimu uwanja. Yote mawili ni kweli. Lakini hatia ya muuaji haimwondolei mpangaji wajibu wake, hasa pale anapojua yajayo. František Moravec, mkuu wa ujasusi wa Beneš, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1975 kwamba alimtahadharisha rais mapema: gharama itakuwa kubwa. Gabčík na Kubiš walijua wanakokwenda, na Juni 18 walikufa baada ya mapigano kanisani Prague. Wakulima wa Lidice hawakuridhia chochote, na waliokuwa karibu zaidi na kuwasemea, yaani viongozi wa upinzani, walikwisha kukataa.

Faida ilikuwapo. Agosti 5 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa haifungwi tena na mkataba wa München, ulioikabidhi Ujerumani sehemu ya Chekoslovakia, jambo ambalo Beneš alilipigania kwa miaka. Mwanahistoria hana haki ya kulidharau. Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa ya heshima ya taifa mbele ya mataifa, na anayeitaka kwa roho za raia anapaswa kwanza kuwajibu hoja kwa hoja wale wanaoishi chini ya bunduki. Wenzao wa London walikuwa wamepewa hata shabaha nyingine ya kuchagua, nao hawakuichagua.