Jiwe la Chini

Mtu afikaye Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, huziona kuta za mawe zilizojengwa yapata miaka 500 iliyopita bila udongo wala saruji. Jiwe hushikwa na jiwe mwenziwe. Wakazi wa zamani, kizazi baada ya kizazi, walizikarabati huku wakiishi ndani yake. Wangeubomoa ukuta wote, ng'ombe wangelala wapi? Nataka kuwasimulieni kazi ya namna hiyo iliyofanywa, si kwa mawe, bali kwa maagizo ya kompyuta.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha Linux, yaani programu ya chini kabisa ambayo nyingine zote huikalia. Sehemu ya mtandao iliandikwa kwanza na Ross Biro. Kazi yake ni kupokea habari zikiwa vipande vidogo, kuvipanga, na kudai tena kile kilichopotea njiani.

Sehemu hiyo ilikuwa dhaifu, na udhaifu wa chini si kama wa juu. Kila kipande cha habari huwekwa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta. Mkono mmoja wa programu ukipaachia mahali hapo kabla mwingine haujamaliza kusoma, haifi programu moja tu; kompyuta nzima yaweza kusimama. Tena kosa la namna hii hujificha: leo halionekani, kesho laangusha kila kitu.

Biro alipoiacha kazi mwaka 1993, Fred van Kempen aliandika upya sehemu kubwa. Lakini watu walikuwa wakiitumia Linux kila siku, nao walitaka iliyopo isiwaangushe. Ndipo Alan Cox, aliyekuwa Swansea, Wales, akayashika maagizo yale yale na kuyasafisha, kosa moja baada ya jingine. Toleo lake likaitwa Net-2Debugged, maana yake lililoondolewa makosa. Kwangu mimi, huyu ndiye aliyechagua kazi ngumu zaidi, ingawa anayetoa kosa la mwenziwe mara chache hushangiliwa.

Machi 1994 Linux 1.0 ilitolewa. Cox akaendelea, na kazi yake ikapewa jina la Net-3. Leo simu ya Android ambayo mvuvi wa Homa Bay huulizia bei ya mbuta ina kiini hicho cha Linux, na sehemu yake ya mtandao ingali ikitengenezwa.