Henry de Bracton na Lugha Tatu za Mahakama ya Mfalme

Anayetaka kuelewa kwa nini lugha ya mahakama hubadilika polepole kuliko lugha ya watu, hana budi kumtazama Henry de Bracton, jaji wa Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza.

Bracton, mwenyeji wa Devon, alianzia ukarani chini ya William de Raleigh, jaji ambaye naye aliwahi kuwa karani wa Martin wa Pattishall. Huo ndio uliokuwa uanagenzi wa sheria, kwani vyuo vikuu vilifundisha sheria ya Kirumi na ya Kanisa, si sheria ya nchi. Tangu mwaka 1247 hadi 1251, na tena kuanzia 1253 hadi 1257, aliketi katika mahakama iliyoandamana na mfalme. Alifariki mwaka 1268 akiwa chansela wa kanisa kuu la Exeter.

Kwa karne nyingi alihesabiwa kuwa mtunzi wa kitabu kikubwa cha Kilatini kuhusu sheria na desturi za Uingereza, kinachoshikilia kuwa mfalme naye hufungwa na sheria. Mwaka 1977 Samuel Thorne alidai kuwa sehemu kubwa iliandikwa na watu wa kizazi cha Raleigh, na Bracton aliirekebisha tu. Kwa maoni yangu hilo halimshushi hadhi. Kuhifadhi nako ni kazi ya mwanazuoni. Mwaka 1884 Paul Vinogradoff alitambua katika Jumba la Makumbusho la Uingereza daftari lenye mashauri yapatayo 2,000, yaliyonakiliwa kutoka katika magombo ya Pattishall na Raleigh. F. W. Maitland alilichapisha mwaka 1887 kama daftari la Bracton.

Ila mwanaisimu asome magombo hayo kwa hadhari. Mkulima aliyedai shamba lake alizungumza Kiingereza, mabishano yakaendeshwa kwa Kifaransa, karani akaandika Kilatini. Kilichotufikia, basi, ni tafsiri ya tafsiri. Hata hivyo, Kilatini cha kitabu kile hukwama mahali fulani, na hapo neno la Kiingereza hujitokeza likiwa zima: *infangthef*, yaani haki ya bwana wa ardhi kumhukumu mwizi aliyekamatwa katika eneo lake. Dhana ilikuwa ya wenyeji, na jina lake halikupata mbadala.

Bunge liliagiza mwaka 1362 kwamba mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikueleweka na wengi. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuwekwa kwa Kilatini, ambacho hakikuondolewa kabisa hadi mwaka 1733.

Sheria ya Uingereza iliyokuzwa na majaji hao ilipokewa rasmi Tanganyika mwaka 1920, safari hii Kiingereza kikiwa ndicho lugha ya wachache. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, likibakiza nafasi ya Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji.