Uzi na Ngozi: Habari za Kujalidi Vitabu

Katika siku hizi za jubilei wengi watawataja mapadri na makatekista waliotutangulia. Mimi nataka kusema juu ya uzi na ngozi, kwa maana majina yao yalitufikia ndani ya vitabu.

Kujalidi vitabu ni ufundi wa kale katika nchi za Waswahili. Huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, mafundi walinakili Kurani kwa mkono, wakazishona na kuzivika ngozi.

Kwetu Maniema, habari kubwa ni ya Nyangwe. Mwaka 1871 Livingstone aliishiwa karatasi. Akatwaa kurasa za gazeti la London, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino wa matunda ya porini. Ndipo alipoandika mauaji ya tarehe 15 Julai, bunduki zilipolia sokoni na akina mama wengi wakafa maji katika Lualaba. Baadaye alinakili habari hizo katika daftari kubwa lenye jalada imara. Daftari hilo lasomeka. Kurasa za gazeti zilififia hata wataalamu wakazisoma kwa mianga ya pekee, mwaka 2011. Na ikaonekana kwamba nakala safi haikurudia yote.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yaamuru kila parokia iwe na vitabu vya Ubatizo, Ndoa na marehemu, na vile vya zamani vitunzwe kwa bidii. Vitunzwe namna gani, ikiwa kurasa zadondoka? Zamani karatasi zilikunjwa mafungu mafungu, sindano ikapita mgongoni mwa kila fungu, ndipo likaja jalada. Siku hizi mara nyingi mgongo hukatwa na kupakwa kole ya moto tu, ikikauka, hupasuka. (Tusisifu mno ya kale: kole ya unga iliwaita mende.) Ukurasa ukipotea, mchumba hukosa cheti chake. Kanuni ya 876 yakubali shahidi mmoja asiye na shaka, lakini mashahidi nao hufa.

Basi, kabla ya kununua kitabu kipya cha Ubatizo, kifungueni katikati ya fungu mtazame mkunjo. Uzi ukionekana, lipeni. Usipoonekana, mrudishieni mwenye duka, hata kama jalada lang'aa.