Dari Iliyoinuliwa: Maneno ya Paa Kutoka Pwani Hadi Ngujini

Nyumba za kale za Milima ya Upare zilijengwa kwa miti na nyasi, navyo havidumu. Majina ya sehemu za nyumba hudumu zaidi, na mwenye kuyafuata aweza kuona jinsi paa lilivyobadilika katika mahali kama Ngujini, Upare ya Kaskazini, katika Wilaya ya Mwanga iliyoundwa mwaka 1979.

Nyumba ya asili ya mlimani ilikuwa msonge. Paa lake lilisimama wima, kwa sababu nyasi hazizuii mvua isipokuwa maji yateremke upesi. Ndani hapakuwa na dari ya kufunika chumba kizima. Palikuwa na dari ya fito juu ya meko, na moshi ulikausha mahindi yaliyowekwa hapo.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Katika nyumba ya mawe, boriti za mikoko zililazwa juu ya kuta, zikatandazwa mawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, nao haukuzidi sana mita 3. Tabaka hilo moja lilikuwa paa kwa aliye chini na mahali pa kukanyaga kwa aliye juu. Ndiyo maana neno la Kiarabu saqf, lenye maana ya paa, limekuwa sakafu katika Kiswahili. Nyumba ya makuti ilikuwa na msamiati wake: kipaa cha mbele na cha nyuma, visusi vya ubavuni, makombamoyo, pao, na mtambaapanya, ambao jina lake laeleza lenyewe ni nani aupitaye usiku.

Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni zilileta Upare nyumba za pembe nne, na reli kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilirahisisha uchukuzi wa mabati. Bati ni jepesi, wala halihitaji mteremko mkali. Basi paa likashuka. Miti yake ikafungwa kwa kenchi, neno litokalo kwa mafundi wa Kihindi, ambao kwao maana yake ya kwanza ni mkasi. Lakini bati huchoma juani na kupiga kelele mvuani. Kwa hiyo mbao zikapigiliwa chini ya kenchi. Dari ya moshi ilibeba chakula. Dari hii mpya yaficha bati tu, na chumba kimekuwa kifupi.

Kuinua dari hiyo si kazi ya kubandua mbao tu. Mti wa chini wa kenchi huzivuta kuta zisitanuke. Ukikatwa pasipo badala, miguu ya paa huzisukuma nje. Fundi hana budi kuinua mti huo kwa kiasi, au kuweka boriti nene kileleni juu ya nguzo. Akitaka pia dirisha litokeze katika mteremko, huzidisha miti miwili miwili kila upande wa tundu, huunga miti ya kukingama juu na chini yake, kisha husimamisha kuta ndogo na kuziezeka. Penye kukutana paa dogo na paa kubwa hutiwa mfereji wa bati. Katika mvua za mlimani, hapo ndipo nyumba huanza kuvuja.

Sehemu hiyo haina jina lililokubaliwa na wote. Roshani, neno la Kiajemi lenye asili ya nuru, lingefaa kwa maana, lakini limekwisha kushikwa na baraza ya ghorofani. Dirisha la paa laweza kuwa kioo kilicholala tu katika mteremko. Kipaa cha dirisha chaeleza umbo lenyewe, nacho chatoka katika msamiati wa waezekaji. Hata hivyo, kamusi haitakuwa imetenda haki ikiandika jina lolote kabla ya kusikiliza waitavyo wale wapandao juu na nyundo. Makombamoyo na visusi vinaondoka pamoja na makuti. Visipokusanywa, historia ya paa itabaki na bati peke yake.